Sura ya Baba Mkwe Kwenye Shuka

Tumpe mjukuu wangu, ugonile? Huku Mwaya tu wazima, mpunga umechanua. Waniuliza mwezi huu nimefurahia nini: ndizi za kuchoma, kitabu chako cha picha, na kujicheka mwenyewe.

Nilipokuwa bibi arusi, zama za Mjerumani, mmisionari alituonyesha picha zilizomulikwa kwa taa kwenye shuka kanisani. Ghafla akatokea baba mkwe, mkubwa kama nyumba! Kwetu mke hamtazami baba mkwe, nami nilikuwa nimekodoa macho. Nikajitupa chini ya benchi.

"Nimemwona! Ndoa yangu imekwisha!"

Nje ya dirisha, alikojificha asikutane nami, sauti yake ikajibu: "Mwambieni mkwe wangu hata mimi nimeshtuka. Sikujua nina pua ile!"

Pua hiyo, Tumpe, ndiyo yako. Itunze.

Bibi yako