Kuanguka kwangu leo asubuhi

Nasimiyu,

Maziwa yamechemka, yafunike. Kuku hawajala. Usimpigie mumeo Hillary simu kabla sijarudi. Jana nilikusikia ukimnong'oneza kwenye simu ati mimi mzee nipelekwe kwa dada yangu Bungoma. Sihami nyumba yangu.

Nilipoanguka nikinawa uso, nilikushuku. ~~Ulipaka sakafu nta makusudi.~~ Hapana. Ulipotoka kwenda sokoni Matisi niliipapasa sakafu yote. Ni kavu, haina nta. Basi nikajipima mwenyewe, maana kule ngumbaru, darasa la watu wazima, tulifundishwa kupima jambo kwanza. Nilisimama karibu na ukuta, macho wazi, nikawa imara. Nikayafumba kama mtu mwenye sabuni usoni, nikayumba. Kumbe nyayo zina ganzi, hazisikii sakafu vizuri, na sikio la kushoto linavuma. Macho peke yake ndiyo yamekuwa yakinishikilia, nami nikayafumba.

Nimeenda kliniki wanipime masikio na miguu. Nimeenda kwa akili yangu, si kwa sababu wewe ulisema.

Jambo moja bado linaniuma. Nilipokuwa chini ulisimama mlangoni ukiita jirani, "Kipkemei, kuja haraka! Mzee ameanguka!" Hukusogea. Nilidhani unafurahi. Sasa naona uliogopa kumgusa baba mkwe, kama tulivyokufundisha sisi wenyewe kuwa ni mwiko.

Nikianguka tena usingoje jirani. Nishike mkono uniinue. Mimi mwenyewe nimeruhusu.

Baba mkwe wako