Mtu Aliyemshika Farasi

Mpendwa Chelangat,

Habari ya Nairobi? Sisi hapa Ndanai tuko salama. Mvua imenyesha vizuri, na yule ng'ombe mweusi uliyekuwa unamwogopa amezaa ndama jike.

Umeuliza kwa nini ukinitumia picha nakusumbua na majina ya watu, hata jina la mlinzi aliyesimama nyuma yenu getini.

Kabla sijaolewa, miaka ya sitini, nilifanya kazi ya nyumba kwa meneja wa shamba la chai kule Kericho. Ukutani, juu ya mahali pa kuota moto, kulikuwa na picha ya zamani ya farasi, imejaa masizi. Memsahibu, mke wa meneja, alipenda kuwatajia wageni jina la farasi na la mchoraji.

Siku moja nikamwambia, "Mama, hapo kuna mtu."

Akacheka. "Ni farasi tu."

Lakini mimi nimekamua ng'ombe tangu utoto. Sikio la huyo farasi lilikuwa limegeuka kando, vile ng'ombe hufanya akimsikia anayemlisha. Memsahibu alipotoka, nikapangusa picha na maji ya sabuni. Lilikuwa kosa kubwa, ningefukuzwa. Masizi yakatoka, ukaonekana mkono umeshika kamba, halafu uso wa mzee.

Memsahibu aliporudi alisogea karibu na picha.

"Anaitwa nani?" nikamuuliza.

Akageuza picha, akatafuta nyuma. Kulikuwa na jina la farasi na la mchoraji tu.

Sasa, Chelangat, huyo mlinzi bado hujanitajia jina.

Ni mimi nyanya yako, kogo