Vumbi la Karakana ya Baba

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko uliko? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, ila tumbo langu siku hizi linanitangulia mlangoni.

Jana nilikaa karakanani kwa Baba, nikanusa mbao. Nikakumbuka ulivyokuwa ukija likizo kutoka kwa shangazi, tunazikana kwenye maranda hadi Mama atutoe kwa kutuvuta masikio. Usiku mimi nakohoa, wewe unanicheka hadi pumzi inakukata.

Kikohozi kile ndicho kinachonilisha sasa. Ofisini tunachunguza pumu katika familia nyingi: vinasaba, yaani urithi wa damu, vinachangia kiasi gani, na mazingira kiasi gani? Ndugu waliokulia pamoja hawatusaidii sana, maana wamegawana damu na vumbi pia. Dhahabu yetu ni ndugu waliotengana utotoni. Basi mimi, mtakwimu mzima, kwenye hesabu ya kwanza nikawaweka ndugu wote kana kwamba walilelewa nyumba moja! Mkuu wangu, binti wa juzi tu, akaangua kicheko: "Mzee, si wewe mwenyewe una kaka aliyelelewa na shangazi?"

Nikarekebisha. Katika familia zile, damu peke yake ilidhuru kidogo, vumbi peke yake kidogo. Vilipokutana kwenye kifua kimoja, balaa.

Kaka, sikucheka tena. Binti yangu ndiye anayeshika randa ya Baba, maana mimi hata msumari hunikimbia. Kifua chake kimeanza kupiga miluzi. Nimemwomba aiache karakana. Amenuna, anasema namfukuza kwa babu yake.

Nilimweleza Mama. Akasema, "Kaka yako alikuwa akishindwa kupumua humu ndani. Baba yenu alimbeba mwenyewe hadi kwa shangazi. Aliporudi, hakushika randa wiki nzima."

Nawe miaka yote hii unajiita mtoto wa kugawiwa! Unatania, lakini najua panapouma.

Mpigie mwanao huyu wa huku kwangu simu, Kaka. Mimi hanisikii. Mwambie wewe kwamba kuna mtu hutolewa nyumbani kwa sababu anapendwa.

Mama anakusalimu sana, anauliza kama unakula. Msalimie shangazi, na Shemeji. Mungu awape pumzi ndefu nyote.

Akupendaye tangu enzi za kugombea kaptula moja,

Mdogo wako.