Mshipi wa Bahari ya Joto

Jumatatu, 9 Juni

Shule imefungwa lakini madaftari ya Kidato cha Tatu hayajaisha. Arobaini yamebeba kosa lilelile katika sentensi ileile. Nimesahihisha mpaka kalamu nyekundu imekauka. Kisha nimerudi kwenye kazi ya Philibert.

Mdogo wangu yuko Kilwa. Anawapeleka wageni kuvua kwa kayaki, vile vitumbwi vyembamba vya plastiki, kwenye maji mafupi kando ya mikoko. Wanatumia chambo cha manyoya. Chambo chenyewe hakina uzito. Kinachorushwa ni mshipi, mnene na laini, na ufito unaurusha kama mchungaji anavyorusha mjeledi. Mshipi ukiwa mbaya hakuna uvuvi.

Mishipi yake miwili imeharibika. Aliuziwa ya maji baridi. Joto la Kilwa likailegeza, ikanata, ikagoma kupita kwenye pete za ufito. Ufito nao pete zake zimeliwa na kutu. Mwenye kambi ya wageni amempa mpaka tarehe 25, siku wanayofika wageni wapya. Asipokuwa na vifaa vya kufaa, nafasi yake anapewa mwingine. Akaniandikia: Kaka, wewe ndiye unayesoma. Nichagulie.

Nitamchagulia. Baba alipofariki mimi nilirithi kibanja, shamba letu la migomba, yeye akarithi tiketi ya basi. Sijawahi kuliandika hilo mahali popote.

Jumanne, 10 Juni

Nimesoma siku nzima. Miongozo minane, yote ya Kiingereza, na yote imenikera. Kila mwandishi anadhani dunia ni mto wa baridi na yeye amesimama katikati yake na buti za mpira. Sura nzima kwa mto wake. Kwa bahari ya joto, aya moja, tena ya mwisho. Sisi ni tanbihi. Hakuna aliyewaza kwamba mvuvi anaweza kuwa ameketi, kiuno kikiwa karibu sawa na maji, jua likimchoma utosini. Mtu anapima dunia kwa kidimbwi cha nyumbani kwake, halafu anaita hiyo elimu.

Nimeamua hata hivyo. Ufito namba nane kwa nguvu, urefu futi tisa. Mfupi zaidi ya hapo, mshipi utapiga maji nyuma ya mtu aliyeketi. Vipande vinne, uingie kwenye begi la basi. Pete zisizoshika kutu. Mshipi unaoelea, mzito upande wa mbele, ili uruke kwa mapigo mawili tu, maana kayaki haimvumilii mtu wa kujitikisatikisa. Na moyo wa mshipi, ule uzi wa ndani, uwe mgumu, wa kustahimili joto. Hilo la mwisho nimelipigia mstari mara mbili.

Jumatano, 11 Juni

Omurushaka. Ma Adela anauza nyavu, ndoano na maboya kwa wavuvi wa maziwa ya huku Karagwe na Kyerwa. Mali yake inatoka Kampala. Nimempa akiba aliyonitumia Philibert na orodha niliyoiandika kwa mwandiko wa mtihani. Akaisoma huku anapima kamba ya mteja mwingine. Akasema Jumatatu vitakuwa vimefika. Hakuuliza swali hata moja. Simwamini muuzaji asiyeuliza.

Jumatatu, 16 Juni

Vimefika. Ufito ni mzuri, sina la kusema, na hilo huwa linanisumbua. Mishipi ameleta miwili. Nikamuuliza wa pili ni wa nini.

"Wa akiba, waitu. Bahari inakula vitu."

Waitu lake la heshima halikunilainisha; nikachukua mmoja. Sikubali kuchaguliwa idadi na muuzaji.

Nilipokuwa natoka akaniita. "Mwalimu, huo ni wa joto. Kule kwenu Songambele asubuhi utanuna. Uanike juani kwanza, ndipo uujaribu."

Nikamwambia mshipi si mtoto, haununi.

"Utanuna. Umefanana na aliyeununua," akasema. Duka zima likacheka. Mimi sikucheka. Miaka ishirini na saba nafundisha, halafu nafundishwa mshipi na mtu mwenye tepu ya fundi cherehani shingoni.

Jumanne, 17 Juni

Nimeibiwa. Sina neno jingine.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa kwenye rweya, lile eneo la nyasi tupu juu ya kibanja. Ukungu mpaka magotini. Vidole vimekufa ganzi. Nimeunga ufito, nimepitisha mshipi, nimerusha kama vitabu vinavyoelekeza. Ukatoka umejiviringa kama springi ya kitanda. Ukaanguka hatua kumi mbele yangu, fungu zima. Nimerudia. Springi. Nimeuvuta kwa mikono miwili, nikauachia. Ukajikunja tena palepale, kwa kiburi.

Ng'ombe wa jirani walisimama kutazama. Hata wao walionekana wameelewa.

Ndivyo tunavyofanyiwa. Takataka zinaletwa huku kwa sababu wanajua huku hakuna wa kusema. Wamekosea mtu.

Jumatano, 18 Juni

Nimesema. Aya sita kwenye kundi la simu la kijiji, na wengine wamezisambaza mpaka Kayanga. Nimeandika juu ya biashara ya ulaghai, juu ya mkulima na mvuvi kufanywa majalala. Nimeandika kwamba yuko mwanamke Omurushaka anayeuza asichokijua wala asichoweza kusoma. Jina sikulitaja. Hakuna asiyemjua. Madole gumba ya kunipongeza yamemiminika. Mmoja ameandika: Mwalimu amerudi ulingoni. Nakiri nimeisoma hiyo mara kadhaa.

Jovitha mke wangu alikuwa anamenya ndizi. Akaniuliza, "Uliuanika?"

Nikamwambia hilo si suala.

"Kwa hiyo hukuuanika."

Nimempigia Philibert kumweleza kwamba mshipi ni bandia na kwamba nimepigana. Kisha akasema, "Sawa, kaka." Basi. Zimebaki siku saba na jibu ninalopewa ni sawa tu. Afadhali angenitukana.

Nimekata mshipi vipande vitatu kwa kisu cha jikoni. Asije akauziwa mwingine.

Ijumaa, 20 Juni

Mgomba mmoja kando ya kaburi la Baba umebeba mkungu mkubwa kuliko nguvu zake. Jana jioni niliufunga kwa vile vipande, nikauvutia kwenye mti wa kahawa na mruka, mti wa kivuli wa pembeni. Asubuhi hii vilikuwa vimekaza kama waya. Nikamwambia Jovitha kwamba angalau kitu cha Ma Adela kimepata kazi kinayoiweza. Akaniambia tuna miti ya panda minne nyuma ya jiko, inayotegemeza migomba tangu aolewe. Nikasema hoja yangu si mti.

Habari kutoka Kyerwa: wavuvi wamefuta oda ya nyavu kwa Ma Adela. Wanasema mwalimu ameandika. Vizuri. Ndivyo jamii inavyojilinda.

Philibert hapokei simu.

Jumamosi, 21 Juni

Saa saba mchana. Jua kali, hakuna wingu. Nilikuwa barazani naandika aya ya saba. Nikasikia mvunjiko, kisha kishindo.

Mgomba umelala chini. Mkungu umepasuka katikati, ndizi zimetapakaa juu ya kaburi. Nikaenda nikiwa na hasira na yeyote nitakayemkuta. Sikumkuta mtu. Mruka umesimama. Mti wa kahawa umesimama. Mafundo niliyofunga mwenyewe yameteleza, na vipande vya mshipi vimelala kwenye majani makavu.

Vimenyooka.

Nimeviokota. Laini, vya moto kidogo, vimenyooka kama mstari wa rula. Nimekizungusha kipande mkononi, nikakiachia, kikashuka chini bila kujikunja hata mara moja. Jovitha alikuja na kisu na beseni, akaanza kukusanya ndizi.

Kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya jua la Kilwa nimekipima kwenye ukungu wa Songambele. Kisha nimekihukumu, nikakikata. Nilimcheka yule mzungu wa buti za mpira. Buti hizo nilikuwa nimezivaa mimi.

Ma Adela aliniambia. Mbele ya watu, kwa Kiswahili cha kawaida kabisa. Mimi nikaiona tepu ya shingoni tu.

Jumapili, 22 Juni

Sikwenda misa. Nimepanda bodaboda mpaka Omurushaka, nikamkuta Ma Adela ametoka kanisani kwao, bado na gauni la kwaya. Mshipi wa pili ulikuwa kwenye kaunta, umefungwa, umeandikwa jina la dereva. Ulikuwa unarudi Kampala saa nane.

Nikasema nimekosea. Nikataka kueleza kuhusu moyo wa mshipi na ubaridi. Akainua mkono.

"Mwalimu, hayo nayajua. Mimi ndiye niliyekuambia."

Nikamwomba anipe huo mmoja.

"Andika kwanza."

Nikasema nitaandika nikifika nyumbani.

"Hapahapa. Simu si unayo? Matusi yalikuwa aya sita. Nilitumiwa zote, nikahesabu. Za kusafisha nazo ziwe sita. Na jina langu uliweke. Mara ya kwanza ulilionea haya."

Wateja walikuwa wamejaa mlangoni. Mzee mmoja akasogeza kreti niikalie. Nimeandika. Kutukana aya sita kulinichukua nusu saa. Hizi zimenichukua zaidi ya saa moja na nusu. Katika ya nne nilitaka kuweka neno "hata hivyo". Ma Adela alikuwa nyuma ya bega langu. "Hilo litoe," akasema. Anasoma vizuri kuliko wanafunzi wangu wengi.

Nimetuma. Madole gumba matatu. Kisha mtu akaandika: Mwalimu ameteleza. Nikaiacha ikae.

Akanipa mshipi. Nimelipa mwenyewe, si kwa akiba ya Philibert. Nikamuuliza kama wavuvi wa Kyerwa watarudi.

"Watarudi wakikosa samaki. Wewe hukuua duka langu, waitu. Umenifanya nisilale siku nne, basi."

Hilo la kutolala limekuja nami mpaka nyumbani.

Jumatatu, 23 Juni

Kifurushi kimeondoka na basi la alfajiri. Ufito vipande vinne, mshipi mmoja. Ndani nimeweka karatasi: Usiupime kabla jua halijapanda. Ma Adela wa Omurushaka ndiye anayesema. Kondakta akauliza ni nini. Nikamwambia ni vya mdogo wangu. Akauliza tena ni nini. Nikamlipa nauli ya mzigo.

Jumatano, 25 Juni

Kimya. Nimepiga mara tano.

Alhamisi, 26 Juni

Philibert amepiga. Kifurushi kilifika jana asubuhi, wageni wakiwa wanashuka kwenye gari. Amebaki kazini. Mgeni wa kwanza amepata kolekole kwa pigo la pili. Nilimweleza yote, na vile vipande, na mgomba.

"Uliufungia mgomba?" Alicheka mpaka simu ikakatika. Akapiga tena kumalizia kucheka.

Kisha akauliza ni mgomba upi. Nikamwambia wa kaburini kwa Baba. Akasema ule alipanda yeye, mwaka aliokuja mazishini. Sikuwa najua.

Alhamisi, 3 Julai

Baridi. Ukungu haujaondoka bondeni.

Nimechimba na kulisafisha shina la ule mgomba. Lina machipukizi mawili. Nimeacha lenye afya. Jovitha amepitia na chai, akatazama, akasema niweke na samadi. Nimeweka.

Kipande kimoja cha mshipi nimekiweka kwenye dirisha la barazani. Asubuhi kilikuwa kimejikunja. Sikukigusa. Nimekaa nacho, sijaandika chochote kwa mtu yeyote. Jua lilifika dirishani karibu saa tano. Kilianza kulegea ncha moja, polepole, halafu ya pili.

Mwaka huu Philibert akija, tutagawana kibanja. Nimemwambia Jovitha. Amesema alikuwa anasubiri.