Hupatikani

Jumamosi, saa moja jioni

Halafu eti ananishukuru.

Nimecheka mpaka Mama Rehema, bosi wangu pale saluni, akaniambia niache kusuka kabla sijamng'oa mteja nywele.

Wiki hii nimeweka ule wimbo kwenye status kwa ajili ya Selemani, mchonga vinyago wa Mwenge. Huyu ni mwanaume ambaye ukimwandikia meseji tatu ndefu anakujibu "poa" tu. Kwenye kiitikio dada wa watu analia: "Nakutafuta, hupatikani." Nikajua ujumbe umefika. Hata "poa" sikupata; kwa hasira nikazima na simu, siku mbili.

Leo mchana huyo mlangoni, vumbi la mpingo mpaka kwenye kope. Kampa Mama Rehema shikamoo yake, kisha akanigeukia.

"Wimbo wako nimeusikia, Zai. Asante sana."

"Asante ya nini?"

"Si umesema mtu kama mie hapatikani?"

Jamani. Mie nalalamika, yeye kasikia sifa. Nilitaka kumrushia kitana, ila alivyokuwa anatabasamu, kama mtoto aliyevaa nguo za Idi, hasira zikaniishia palepale.

Akashusha sauti. "Hata wewe hupatikani."

"Hupatikani ipi? Ya simu au ya sifa?"

Akapangusa vumbi kwenye kope.

"Zote mbili."

Najua kesho anaweza kurudi kwenye "poa" yake, na hilo linanitia wasiwasi kidogo. Lakini leo nimepata maneno mawili.

Simu nimeiwasha.