Suruali ya Shamba

Mama yangu mpendwa,

Hapa Kitaji, Musoma, mvua inanyesha tangu mchana, nami nimekaa dirishani na suruali ya baba mapajani. Ile ya kaki. Nimeitoa kwenye sanduku lako leo, na tangu niitoe kichwa hakijatulia. Ningekuwa na mtu wa kumuuliza nisingekusumbua huko ulikolala Butiama, lakini swali lenyewe ni lako.

Unakumbuka mwaka ule baba alipokwenda machimboni Buhemba, tukabaki na maksai wawili na shamba zima? Gauni lilikuwa linanasa kwenye plau kila ukigeuza. Siku moja ukaingia ndani, ukatoka umevaa suruali ya baba, umeifunga kamba kiunoni. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wewe hukucheka. Ulitundika kitenge chako kwenye uzio wa minyaa, ukanipandisha juu ya kichuguu.

"Wakuru, kaa hapa unichungulie njia. Ukiona mtu, sema."

Basi nikawa mlinzi wako msimu mzima. Nikipiga kelele, "Mama, mtu!" unaacha maksai wamesimama, unakimbilia kitenge, unajifunga. Mgeni akifika anamkuta mama wa watu ametulia, anahema kidogo tu.

Halafu ile siku katekista akatokea upande wa mtoni, ambako hakuna aliyekuwa anapita. Kitenge kilikuwa mbali. Ukajibanza nyuma ya yule maksai mwekundu, ukamsalimia kwa juu ya mgongo wake. Ng'ombe akisogea, nawe unasogea. Katekista akaomba maji, akasifu tulivyolima, akaenda zake. Nilijua tutacheka hadi jioni. Wewe ukakaa chini ukalia. Nilipokuuliza kwa nini, ukasema, "Ukikua utajua."

Mama, nimekua. Sijajua.

Baba aliporudi alijaribu suruali yake ikamgomea. Ulikuwa umeshaipunguza kiuno na kuikunja pindo. Akakuuliza, "Sasa hii ni yangu au yako?" Ukamjibu, "Ya shamba," ukaendelea kusonga ugali. Nilikuona mkubwa kuliko watu wote siku ile. Lakini ni wewe huyohuyo uliyenishonea sketi ndefu nilipopata kazi kwenye kampuni ya maziwa hapa Musoma, ukaniambia, "Usiniaibishe. Mwanamke wanamwangaliaga nguo kwanza, ndo wanamsikiliza." Nikabaki na mama wawili, na sijui yupi nimfuate.

Kazi yangu unaijua, kutibu ng'ombe wa wafugaji wetu vijijini, kwa pikipiki, sawasawa na wanaume. Ila kwenye ubao wa matangazo ofisini, wanaume wameambiwa wawe nadhifu, basi. Sisi tumeandikiwa magoti, mabega, nguo ya kubana, na suruali marufuku. Mwenzetu Marwa anaingia ofisini na jinzi imejaa mavi ya ng'ombe mpaka magotini, anaambiwa pole na kazi. Sisi wanawake tunatoka asubuhi na sketi, tunapita kwenye genge la mama mmoja barabara ya Bunda, tunavaa suruali nyuma ya pazia lake. Jioni tunapita tena kuzivua. Miaka yote hiyo, Mama. Na nikiwa kijijini Guta, mkono umezama ndani ya ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, hakuna mfugaji aliyewahi kuniuliza nimevaa nini.

Sasa amekuja msichana mpya, Neema. Juzijuzi aliitwa haraka, hakupitia gengeni. Sketi ikaingia kwenye mnyororo wa pikipiki, akaanguka vibaya. Ijumaa amerudi kazini anachechemea, amevaa suruali, na meneja akamrudisha getini. Kisha akaniita mimi. Si mtu mbaya, ujue. Neema alipoanguka ndiye aliyempeleka hospitali.

"Dada Wakuru, wewe ndo mkubwa wao," akasema. "Ongea naye kimama. Jumatatu akija na suruali, asirudi tena."

Nikamwambia sketi ndiyo iliyomwangusha. Akashangaa kweli.

"Si mnabadilishiaga kule gengeni? Na yeye abadilishe."

Kumbe anajua! Anajua siku zote, na sisi tunajua kwamba tunajificha, na yule mama wa genge anatushikia pazia. Tunamficha nani sasa? Nimerudi nyumbani nikiwa nimekasirika, halafu nikaona aibu, halafu nikacheka peke yangu, kwa sababu nilikumbuka kitu. Kutoka pale kichuguuni nilikuwa naiona miguu yako chini ya tumbo la maksai, na ile kaki yote. Hata katekista aliiona, Mama. Alisimama palepale akinywa maji.

Basi nisaidie. Kama haikuwa aibu, mbona ulilia? Na kama ilikuwa aibu, mbona uliipunguza kiuno, na mbona umeitunza kwenye sanduku pamoja na nguo zako za kanisani? Ninaogopa kuipoteza kazi hii, ndiyo inayolisha wanangu. Pia ninaogopa kumwita Neema pembeni, nikamfundisha kuvaa na kuvua kwa kujificha, halafu yeye akamfundishe mwingine.

Nimeijaribu. Imenikaa vizuri kiunoni, sikuhitaji kamba.

Jumatatu nitaivaa, nikasimame getini na Neema. Sijui kama unaona nimekuheshimu au nimekuaibisha, na kusema kweli hata mimi mwenyewe sijui. Ninachojua ni kwamba nikimwona meneja anakuja, safari hii sitapiga kelele.

Pumzika, Mama.

Mlinzi wako wa kichuguuni,
Wakuru