Kundi la Wasiopokea Simu

Nyumbani,
Mezani kwa Baba, chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa kaka yangu,

Salamu tele kutoka kwangu na kwa wote waliomo humu ndani. U mzima? Wifi yangu hajambo? Kile kikohozi kimemwachia? Na mwanangu je, maana mtoto wa kaka ni wangu tu, ameshaanza kutambaa? Ameota jino? Sisi huku tunaendelea vizuri. Mimi mafua yalinishika wiki mbili, yameondoka na nusu ya sauti yangu, na kuna watu wanashukuru.

Najua umekunja uso ulipoiona bahasha. Lakini habari hii haitoshi kwenye ujumbe wa simu, na nilitaka uisome umekaa. Inamhusu Baba. Pumua kwanza, haumwi.

Nianzie kazini. Wewe husema kazi yangu ni kubandika mabango kwenye simu za watu, na hujakosea sana. Mtu akifungua ukurasa wa habari, kabla haujamaliza kufunguka, kompyuta zimeshagombania ile nafasi tupu ya pembeni: nani aweke tangazo lake pale? Mimi ndiye ninayeiambia kompyuta yetu imgombanie nani na imwache nani. Hatuwajui kwa majina. Tunawapanga kwa makundi, kwa umri wao, wanachosoma, wanachotafuta.

Mwezi uliopita tulipata mteja mpya, kliniki inayouza vifaa vya kusaidia kusikia. Nikapanga kundi haraka haraka: wenye miaka sitini na kuendelea, wanaotafuta habari za uziwi. Mtaalamu wa masikio wa ile kliniki, mama mmoja mpole mwenye miwani ya kamba, akalitazama akacheka.

"Hapo hutampata mtu, binti yangu. Anayeanza kupoteza usikivu hatafuti uziwi. Anatafuta redio yenye sauti kubwa."

Nikashika kalamu, naye akawa ananitajia huku naandika ubaoni. Anatafuta kengele ya mlango inayopiga sana. Anawasha maandishi chini ya filamu. Anaacha kwenda vikaoni. Anaitikia "haya" kwa kila jambo. Simu ikilia, anaitazama mpaka inyamaze, halafu anasema wanaopiga ni wasumbufu.

Nikarudi nyuma, nikausoma ubao wote. Kaka, nilikuwa nimemwandika Baba. Mzee Haya mwenyewe, kama tunavyomtania!

Unakumbuka mwezi wa saba ulivyompigia kumwambia amepata mjukuu wa kike na umempa jina la marehemu Mama? Akakujibu, "Haya, vizuri, wasalimie huko," akakata. Ukanipigia mimi huku sauti inakutetemeka, ukanikataza nisilitaje tena jambo la mtoto mbele yake. Nikatii. Tena nikamnunia kwa niaba yako, miezi minane, ndani ya nyumba moja. Namwekea chakula, nageuka, naondoka. Kumbe nilikuwa nampa mgongo mtu anayesikia kwa kunitazama mdomo.

Siku ile niliomba ruhusa, nikafika nyumbani mchana. Alikuwa hapa hapa mezani, ameifungua saa ya ukutani. Alipoacha kazi ya ufundi saa alituambia macho yamechoka, na sisi tukaamini, wakati uzi bado anautia kwenye sindano mara moja tu. Nikamwona anaiinua ile saa, anaibana kwenye mfupa wa taya, na kufumba macho. Alikuwa anautafuta mlio wake.

Nikasimama nyuma yake. "Baba, nimerudi." Kimya. "Baba, nyumba inaungua." Akapuliza vumbi kwenye gurudumu.

Nikazunguka, nikakaa mbele yake. "Baba, kaka alipopiga mwezi wa saba alikwambia nini?"

"Alinisalimia."

"Na baada ya salamu?"

Akaweka bisibisi chini. "Sikusikia. Nilijua tu kwamba ana furaha. Nikamwomba arudie, akarudia. Nikamwomba tena. Mara ya tatu nikaona haya, mwanangu. Nikasema vizuri, kwa sababu sauti yake ilikuwa ya jambo zuri."

Nikamwambia polepole, akinitazama midomo: umepata binti, na jina lake ni la Mama. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaniomba tena, na safari hiyo najua alikuwa amesikia.

Kliniki alikwenda kwa kuburutwa. Eti yeye si mzee wa kutiwa vidude masikioni. Yule mama wa miwani ya kamba akampima, akamwambia bila kumzunguka kwamba sikio la kushoto limekwenda sana, ila la kulia linasaidika. Tangu Jumatatu anavaa kifaa, na sasa hatupumui. "Kumbe mlango wa choo unalia hivi na nyote mmenyamaza?" Leo asubuhi ameutia mafuta, kisha akahamia kwenye vijiko vyangu, eti navigonga kwa makusudi.

Na lile kundi la ofisini nimelipangua. Sasa tunawalenga watoto wao, watu wazima wanaokaa mbali na wazazi, wanaouliza mtandaoni kwa nini mzazi hapokei simu. Tangazo halitaji uziwi. Linauliza tu, "Una hakika alikusikia?" Mkuu wangu alisema ni fupi mno. Nikamwambia liache hivyo, nawajua watu hao.

Kaka, hukukosea kuumia, nami hukunikosea. Lakini mpigie. Piga kwa video, ukae kwenye mwanga akuone mdomo, useme taratibu. Kila jioni anafanya mazoezi: yeye anakwenda uani na simu, mimi nampigia kutoka jikoni kumuuliza kama amekula, na ananijibu kwa kelele mpaka majirani wanajua tumepika nini.

Nisalimie sana wifi, umwambie deni langu la maneno mengi liko pale pale. Shangazi Mdogo anawasalimu nyote, na fundi viatu wa kona anauliza kama bado unavunja soli upande mmoja. Mungu awafunike, ampe mtoto afya na usingizi, awape na ninyi wa kwenu.

Baba amekaa hapa pembeni, ananisimamia kila mstari. Nimemuuliza ukipiga uanze na nini. Amefikiri kidogo, akasema, "Asiseme kitu. Amwache mtoto alie kwanza, nimsikie."

Mdogo wako asiyeisha kukupenda,
Kasuku